Kibandiko cha Miaka Miwili

Chumba cha vitabu vya sheria kilikuwa chini kabisa ya jengo la Mahakama Kuu, na aliyekitunza aliitwa Bibi Gundi. Hakuwa bibi wa mtu. Alikuwa na miaka arobaini na sita, hana mume, hana mtoto, na nywele zake zilikuwa bado nyeusi tititi. Jina hilo alipewa na makarani wa masijala miaka mingi nyuma, kwa sababu vidole vyake vilikuwa na ngozi ya pili, ngozi ya gundi kavu, ambayo aliibambua taratibu saa ya chakula cha mchana huku akila peke yake.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuieleza. Bunge likibadili sheria, halichapi kitabu kizima upya. Linachapisha kipande cha karatasi chenye maneno mapya, na kipande hicho kinabandikwa juu ya maneno ya zamani. Kulikuwa na seti kumi na mbili za vitabu hivyo: za majaji, za mawakili wa Serikali, na moja ya chama cha mawakili wa kujitegemea. Zote zilipita mikononi mwake. Jaji akiketi kitini mwake na kufungua kitabu, alichokisoma ndicho Bibi Gundi alichombandikia.

Vibandiko vilikuwa vya aina mbili. Kuna kibandiko cha kudumu, hicho unakipaka gundi kote na kukikandamiza mpaka kishikamane na ukurasa kama ngozi na nyama. Na kuna kibandiko cha muda, kwa sheria iliyowekewa mwisho. Hicho unakipaka gundi ukingo wa juu tu, kining'inie kama pazia, halafu unaandika tarehe ya mwisho kwenye daftari la tarehe, ili siku ikifika ukiondoe na maneno ya chini yarudi kutumika. Ni kazi ya kutulia, na Bibi Gundi alikuwa mtulivu. Msajili wa Mahakama alizoea kuwaambia wageni, "Huyu hakosei. Miaka ishirini na mmoja, hajakosea." Wageni walitikisa kichwa, wakapanda ngazi wakaenda zao. Bibi Gundi alilibeba neno lile mpaka nyumbani, na mara nyingine, akimenya viazi, alijisemea kwa sauti, "Hakosei," kisha akaona haya ingawa hapakuwa na wa kumsikia.

Jumanne moja asubuhi, tarishi wa majaji alichungulia mlangoni. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na ndiye pekee aliyeshuka ngazi zile kila siku.

"Bibi Gundi, uko hai humu, au tuwaite watu wa majembe?"

"Niko hai."

"Jaji wa chumba namba tatu anataka Gazeti la Serikali. La kale hilo, la miaka ishirini na mmoja. Ameandika hapa, ila mwandiko wake kama kuku amekanyaga wino."

Bibi Gundi alikichukua kile kikaratasi. Jaji alitaka gazeti lililotangaza marekebisho ya Katiba, ibara ya nne, fungu la pili. Alitaka tarehe yake tu, aiandike kwenye hukumu ya Alhamisi.

Fungu lile kila mtu pale mahakamani alilijua kwa moyo. *Hakuna mahakama itakayohoji uhalali wa sheria iliyopitishwa na Bunge.* Mtu akileta ombi kwamba sheria fulani inamwonea, jaji alifungua Katiba, akasoma mstari ule mmoja, akalitupa ombi. Dakika kumi, mara nyingine tano.

Bibi Gundi alipanda juu ya kigoda, akalivuta jalada la mwaka ule, akapuliza vumbi. Gazeti lilikuwepo. Lilikuwa na karatasi ya juu, ile ambayo kwa kawaida hubeba salamu za Mpiga Chapa wa Serikali na orodha ya yaliyomo. Alitaka kuipita. Jicho likakamata mstari wa mwisho.

*Kutokana na hali ya hatari, marekebisho haya yatatumika kwa miaka miwili tangu tarehe ya tangazo hili, kisha ibara itasomeka kama ilivyokuwa.*

Akausoma tena. Chini yake palikuwa na muhuri wa kupokelewa, na ndani ya muhuri herufi mbili za wino wa bluu, za mviringo, zilizoandikwa na mtu aliyefurahi kuwa na mahali pa kutia sahihi. Zilikuwa herufi zake.

Akashuka. Akakaa juu ya kile kigoda.

Alikumbuka. Ilikuwa wiki yake ya pili kazini. Mzee aliyekuwa akimfundisha alilazwa hospitali, na vibandiko vya ibara ya nne vikaja na amri kwamba viwekwe siku hiyohiyo. Karatasi ya juu aliiona ni salamu tu. Akavipaka gundi kote, vyote kumi na viwili, akavilaza chini ya chuma kizito usiku kucha. Kwenye daftari la tarehe hakuandika kitu. Yule mzee aliporudi alikuta kazi imekamilika, akamsifu.

Miaka miwili ilipita, hali ya hatari ikaisha, Bunge likabadilika, mawaziri wakabadilika. Serikali haikuwa na haja ya kumkumbusha mtu. Miaka kumi baadaye Mpiga Chapa alipotaka kutoa Katiba ndogo ya mfukoni, aliomba nakala safi ya kufuatisha, na aliyempa nakala safi alikuwa yeye. Tangu hapo kosa halikuwa tena kibandiko, lilikuwa chapa. Watu waliliuza na kulinunua. Wanafunzi walilikariri wakafaulu mtihani.

"Nimwambieje Mheshimiwa?" tarishi aliuliza kutoka mlangoni.

"Mwambie natafuta."

"Wewe? Unatafuta?" Tarishi akacheka. "Leo kweli jua limechomoza upande mwingine."

Alipoondoka, Bibi Gundi alilifungia gazeti kwenye mtoto wa meza.

*

Jioni alimpigia simu mdogo wake, anayeishi mji mwingine na mume na watoto wanne. Hawakuwa watu wa kupigiana mara kwa mara. Kulikuwa na kelele za sahani na watoto wakigombea kitu.

"Dada! Nani amekufa?"

"Hajafa mtu."

"Mbona umepiga Jumanne? Wewe unapiga sikukuu tu."

Akamweleza. Alieleza polepole, kwa mpangilio, kama mtu anayesoma ripoti ya mwenzake. Upande wa pili watoto walinyamazishwa, mlango ukafungwa.

"Nani mwingine anajua?" mdogo wake akauliza.

"Hakuna."

"Huko kwenu kuna mchwa?"

"Hakuna mchwa. Chumba ni cha saruji."

"Dada, nakuuliza vizuri. Kuna mchwa? Gazeti la miaka ishirini na mmoja haliwezi kuliwa na mchwa?"

Bibi Gundi akahamishia simu sikio la pili.

"Sikiliza," mdogo wake alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Watu wote wamezoea. Majaji wamezoea, mawakili wamezoea. Ukilitoa, hutamsaidia aliyekwisha kuumia, utaumia wewe. Na wewe dada yangu huna mtu. Kazi hiyo ndiyo mume wako, ndiyo watoto wako. Wakikunyang'anya utabaki na nini?"

Hakukusudia kumuumiza. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, na kwa sababu hiyo liliuma zaidi.

"Nimekusikia," Bibi Gundi alisema. "Wasalimie watoto."

"Njoo uwasalimie mwenyewe basi. Wamekusahau sura."

Baada ya simu alikaa jikoni. Alikuwa na mazoea ya kuacha redio ikiwaka anapotoka asubuhi, ili akirudi akute sauti za watu. Ilikuwa bado inazungumza. Mtu fulani alikuwa akieleza namna ya kutunza meno. Alimsikiliza mpaka mwisho.

*

Jumatano alifika kazini mapema, akashusha madaftari makubwa ya masijala na kuanza kutafuta. Alitafuta maombi yote yaliyotupwa kwa fungu lile tangu siku ambayo kibandiko kilipaswa kuondolewa. Alidhani yatakuwa matano, labda saba. Mpaka saa nne alikuwa ameandika arobaini na matatu.

Walikuwa watu wa kila namna. Mwenye kiwanda cha sabuni kilichofungwa bila yeye kuulizwa neno. Wauguzi saba waliopigwa marufuku kukutana. Mjane aliyekatazwa kuzuru mahali alipozikwa mumewe. Mbele ya kila mmoja, karani wa wakati ule alikuwa ameandika maneno yaleyale: *Mahakama haina uwezo.*

Ombi la arobaini na nne halijatupwa bado. Lilikuwa la mwalimu wa shule ya msingi. Sheria mpya ya nidhamu ya walimu, kifungu cha tisa, ilisema mwalimu wa kike akizaa nje ya ndoa anaachishwa kazi palepale, hafundishi tena popote, wala hasikilizwi na mtu yeyote. Yeye alizaa. Akapelekewa barua.

Bibi Gundi alimfahamu kwa sura. Kwa miezi minne, kila kesi yake ilipotajwa, yule mwalimu alikuja kukaa kwenye benchi lililo juu ya ngazi, kwa kuwa pale ndipo palikuwa kimya, akamnyonyesha mtoto. Walisalimiana tu. Siku hiyo Bibi Gundi alipopanda kwenda kunawa vidole, akamkuta.

"Habari za asubuhi."

"Nzuri, mama. Samahani, huyu leo ana makelele. Anaota jino."

"Si neno." Bibi Gundi alisimama, mikono imelowa, hajui aiweke wapi. Hakuwa mwepesi wa maongezi. "Kumbe hukumu ni kesho, sivyo?"

"Kesho. Nimekuja leo kusaini karatasi tu." Mwalimu alimhamisha mtoto bega la pili. "Wakili wangu kaniambia kabisa nisiote ndoto. Anasema mahakama haina uwezo huo, imeandikwa."

"Imeandikwa," Bibi Gundi alirudia.

"Ndiyo hivyo."

"Kama ulijua, kwa nini ulileta ombi?"

Mwalimu alifikiri kidogo. "Barua ya kuniachisha walileta kwa posta. Mimi nimefundisha miaka tisa, halafu naambiwa na posta. Nikasema, basi, angalau mtu mmoja mwenye cheo aniambie usoni. Aniangalie, aniambie. Ndiyo maana."

Mtoto akalia. Bibi Gundi akashuka ngazi bila kuaga. Alifungua mtoto wa meza, akalichukua gazeti, akachukua na orodha yake ya watu arobaini na watatu, na kabla moyo haujabadilika akapanda mpaka ghorofa ya pili.

*

Jaji wa chumba namba tatu alikuwa mtu mwembamba mwenye kusema kidogo. Alihamishiwa pale miaka mitatu kabla. Wenzake walikuwa wakienda kula pamoja. Yeye alikula mezani kwake, juu ya gazeti lililotandazwa ili asimwage. Alikuwa akila wakati huo. Pembeni palikuwa na hukumu iliyokwisha kupigwa chapa, na sehemu moja ndogo iliyoachwa wazi, ya tarehe.

"Umelipata," alisema, akafuta mikono.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Naomba usome karatasi ya juu. Mstari wa mwisho."

Akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasoma. Huko nje kulikuwa na mtu akisukuma kitoroli chenye gurudumu linalolia, na walikisikia mpaka kikafika mwisho wa ujia.

"Nani alipokea hili?"

"Mimi. Herufi hizo ni zangu."

"Nani alibandika?"

"Mimi, Mheshimiwa. Nilipaka gundi kote."

Akamwekea orodha mezani. Jaji akaipitishia kidole, jina baada ya jina, na kidole kikasimama mahali, kikasimama tena.

"Sita hawa ni wangu," alisema. "Mimi niliwarudisha." Akaisukuma sahani mbali. "Mmoja nilimwambia asipotezee mahakama muda."

Bibi Gundi aliutoa mkono kuchukua kitabu cha Katiba juu ya rafu. "Nikileta kitambaa chenye maji ya vuguvugu naweza kukitoa sasa hivi, bila kuchana ukurasa."

"Usikiguse!" Kisha akashusha sauti. "Samahani, mama. Kikitolewa humu ndani, watasema maneno ya chini nimeyaandika mimi. Kitatolewa kesho, mbele ya pande zote mbili, wakitazama. Na wewe ndiye utakayekitoa. Utakula kiapo, nitakuuliza maswali haya haya, na utajibu hivi hivi. Unaelewa maana yake?"

"Naelewa."

"Baada ya hapo sitaweza kukusaidia. Si mimi, si mtu yeyote."

"Naelewa, Mheshimiwa."

Jaji aliitazama ile hukumu iliyopigwa chapa, kurasa nne, akaikunja mara mbili na kuitia kwenye kapu la takataka.

"Ungeweza kusema limeliwa na mchwa," alisema.

"Hatuna mchwa, Mheshimiwa."

*

Alhamisi ukumbi haukujaa. Palikuwa na mwalimu na wakili wake, Wakili wa Serikali na msaidizi wake, waandishi wawili wa magazeti waliokuwa wakisubiri kesi ya wizi baada ya ile, na watu kumi hivi wasio na shughuli. Bibi Gundi alisimama kizimbani na beseni dogo la maji na kitambaa. Kuna mtu alicheka alipoingia na beseni.

Akala kiapo. Akaulizwa, akajibu. Sauti yake ilikuwa ndogo, na mara mbili Wakili wa Serikali alimwomba aseme kwa nguvu, kwa hiyo ilibidi aseme mara mbili kwamba ni yeye aliyekosea.

Kisha akakilaza kitambaa juu ya ukurasa na kungoja.

Kibandiko kilichokandamizwa chini ya chuma hakitoki kwa haraka. Alilowesha, akangoja, akalowesha. Mawakili waliacha viti vyao wakaja kusimama karibu. Zilipita dakika kumi, mtoto wa mwalimu akiguguna kamba ya mkoba. Bibi Gundi aliingiza ukucha chini ya kona, akavuta. Karatasi ikainuka nzima, imelegea, na chini yake maneno yalikuwepo, yamefifia, lakini yalisomeka.

Jaji alimwomba Wakili wa Serikali ayasome kwa sauti yake mwenyewe. Akasoma: "Sheria yoyote inayopingana na Katiba hii ni batili kwa kiasi inachopingana nayo, na Mahakama Kuu itakuwa na uwezo wa kutamka hivyo."

Alikuwa wakili hodari, hakutaka kukubali kirahisi. Alirekebisha joho, akasema: "Mheshimiwa, sikatai kilichoonekana. Lakini miaka kumi na tisa nchi nzima imeishi bila uwezo huo. Mahakama imeheshimu, Bunge limeheshimu, wananchi wameheshimu. Jambo likishikwa muda wote huo, limekuwa sheria. Na tukumbuke, Bunge limechaguliwa na watu. Mheshimiwa hujachaguliwa na mtu."

"Hilo la mwisho ni kweli," Jaji alisema. "Wala sipendi kulisahau. Lakini nisaidie. Bunge hilohilo lililochaguliwa lilisema miaka miwili. Sivyo?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Hizo kumi na tisa zilizofuata. Nani alizitunga? Bunge?"

Wakili akapekua karatasi zake.

"Kwa hoja yako, ndugu wakili, aliyetutungia sheria miaka kumi na tisa ni gundi."

Ukumbi ukaangua kicheko. Walicheka mpaka waandishi, mpaka wakili wa mwalimu, mpaka karani wa mahakama aliyejificha mdomo kwa kalamu. Bibi Gundi alikuwa bado kizimbani, na kile kibandiko kibichi kimemnata kidoleni. Hakujua kama anaruhusiwa kushuka. Alikitazama kitambaa chake mpaka kicheko kikaisha.

Jaji ndiye pekee ambaye hakucheka. Akasoma aliyoyaandika usiku kwa mkono. Alisema si yeye aliyejichukulia uwezo huu, na kama ungekuwa wa kuchukua asingeuchukua, maana unamfanya mtu awe mpweke mbele ya wenzake. Umewekwa na wale walioandika Katiba, ukafunikwa kwa muda, na muda ukaisha. Mahakama iliyoacha kuutumia haikuwa na unyenyekevu, ilikuwa haijasoma. Kisha akasema Katiba inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kabla ya kuadhibiwa, kifungu cha tisa kinasema mwalimu huyu asisikilizwe, na viwili hivi haviwezi kukaa nyumba moja. Kifungu cha tisa ni batili.

Hakuna aliyepiga makofi. Jambo lile halijawahi kutokea mbele yao, na hawakujua linashangiliwaje.

"Nimeshinda?" mwalimu alimuuliza wakili wake.

"Ngoja kwanza," wakili alisema, akipekua karatasi zake kama aliyepotelewa na funguo. "Ndiyo. Ndiyo, nadhani umeshinda."

Jaji akamtazama mwalimu usoni. "Mwalimu," alisema, "rudi darasani."

Watu walipotoka, Bibi Gundi alikuwa amebanwa kando ya mlango na beseni lake. Mwalimu alipita, akasimama. Macho yake yalikuwa mekundu. Bibi Gundi alifungua mdomo kuomba radhi.

"Miezi minne nimekaa pale juu ya kichwa chako," mwalimu alisema. Hakusema kwa hasira. Akamfunika mtoto vizuri, akaenda zake.

*

Msajili alimwita saa nane. Hakumkaribisha kiti. Alisema kutakuwa na uchunguzi, na mpaka uishe hataruhusiwa kugusa kitabu. Akataka funguo. Kisha akakumbuka kwamba bado kuna nakala kumi na moja zenye kibandiko, na hakuna mwingine anayejua kukitoa bila kuharibu ukurasa, akamrudishia funguo mpaka jioni. Bibi Gundi alivitoa vyote kumi na kimoja, akapanga vitabu mezani vikauke, akafunga mlango.

Redioni walimtaja kama "mtumishi mmoja wa mahakama". Mdogo wake alipiga simu usiku huo, akalia, halafu akamgombeza, halafu akamwambia aje kukaa nao kidogo. Bibi Gundi alisema atafikiria. Kila mmoja alijua kwamba hatakwenda.

Jumatatu alipelekwa masijala, dirisha la mwisho. Jaji alikuwa ameamuru wale arobaini na watatu watangaziwe kwamba wanaweza kurudi, na Msajili, ama kwa adhabu ama kwa sababu hakuna karani aliyetaka kusikia matusi yao, aliona anayefaa kuwapokea ni huyohuyo. Tarishi alipita kumjulia hali.

"Umepanda cheo sasa," alisema. "Unaliona jua."

"Ndiyo."

Akajaribu kutafuta mzaha mwingine, hakupata, akaondoka na bahasha zake. Makarani walikuwa na meza moja ndefu ya chakula. Walisogea kumpa nafasi, na yeye akakaa kwenye ncha, na mazungumzo yakasimama mpaka alipomaliza.

Siku mbili hakuja mtu. Siku ya tatu alikuja mwanamume wa miaka sitini hivi, amevaa ovaroli lenye madoa ya rangi, ameshika kofia. Alisoma kibao juu ya dirisha kisha akamtazama aliye nyuma yake.

"Wewe ndiye wa gundi?"

"Ndiye."

Alijiandaa. Mwenye kutukana, alishaamua, atamwacha atukane. Lakini yule mtu aliendelea tu kumtazama, kama mtu aliyesafiri mbali kuona daraja alilolisikia likitajwa, akakuta ni daraja.

"Nilidhani utakuwa mkubwa zaidi," alisema. "Haya. Tulikuja hapa miaka kumi na mbili iliyopita, mimi na mke wangu. Mambo ya nyumba. Waliibomoa, sheria ikasema tusiulize. Jaji alituambia hana uwezo. Tukarudi."

"Nakumbuka jalada," Bibi Gundi alisema. "Mlikuwa namba ishirini na tisa kwenye orodha yangu."

"Wewe ulikuwa na orodha? Sisi tulibaki na tofali." Akaikunja kofia, akaikunjua. "Basi, mara hii andika vizuri."

"Nitaandika vizuri."

Akavuta fomu mpya. Akauliza jina, akaandika. Akauliza kazi, mpaka rangi, akaandika. Mwanamume aliinama karibu na kioo, akifuata kila herufi.

"Na mke wangu?"

"Naye nitamwandika. Atakuja kutia sahihi?"

"Amefariki. Mwaka wa tatu sasa." Alisema haraka, akilitazama lile dirisha na si yeye. "Ombi lilikuwa lake hasa. Mimi sikutaka, nilimwambia tunajisumbua. Yeye ndiye aliyesema tuje. Nataka jina lake liwepo. Linaweza kuwepo?"

Bibi Gundi aliitazama fomu. Palikuwa na mstari wa mwombaji wa kwanza na mstari wa mwombaji wa pili, na mahali pa sahihi mbili. Aliigeuza nyuma. Hapakuwa na neno lolote juu ya mtu aliyekufa akingoja. Katika miaka ishirini na mmoja, mtu akimwuliza jambo la kazi, hajawahi kukosa jibu.

"Sijui," alisema.

Mwanamume akakunja uso, akidhani ndiyo yale yale.

"Sijui, kaka," alirudia. "Lakini usiondoke. Kaa pale. Nakwenda kumwuliza Jaji sasa hivi, na atakalosema nitakuja kukuambia mimi mwenyewe."

Akaandika jina la marehemu kwenye mstari wa pili, kwa penseli, akainuka, akaichukua fomu, akapita nyuma ya viti vya makarani waliokuwa wakimtazama, akaanza kupanda.